Yule Aliyenyoosha Mikono

Jumanne, usiku

Muuaji! Wifi yangu amekuja toka Lituhi na kikapu cha samaki na mdomo wake. "Wifi, unafuga muuaji humu ndani." Kisa binti yangu Kandida anacheza gemu za bunduki kwenye kompyuta.

Mbinga nzima nani anamfikia Kandida kwa shabaha? Nikamwambia amweleze shangazi yake.

"Shangazi, hii ya mazombi inatisha, damu inaruka mpaka kwenye kioo. Ila maadui ni wajinga, wanakuja tu kama kuku waliomwagiwa pumba. Ya vita ni bora, wanajificha, wanakuzunguka. Kasoro yake uko peke yako, na njia ni moja tu."

Akatuonyesha ya vita. Akalipua kambi, akamchoma mlinzi kisu cha shingo, wengine akawalaza chali mlangoni. Nilipiga makofi, sitaficha.

Wa mwisho alikuwa kijana tu. Akatupa bunduki, akanyoosha mikono. Kandida akaachia kipanya.

"Gemu haiendelei bila kumuua. Mimi huwa naishia hapa, mama."

"Umeona, wifi? Huyo ndiye muuaji wako!"

Wifi akainuka. Akamshika mwanangu bega, wakaenda jikoni kuparua samaki. Moyo wangu ukatulia kabisa.

Nikabaki na yule kijana, mikono juu. Nilitaka tu kujua mbele kuna nini.

Nikabonyeza. Hakufa upesi, nikabonyeza tena.