Pampu Iliyonikosanisha na Mumeo

Mashuani, kwenye boya la tatu,
Jumanne, 11 Machi.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali. Vipi mgongo? Na zamu za wodini, bado wanakupanga mfululizo kana kwamba hawana muuguzi mwingine? Na binti yako, yule Mkaguzi wetu, bado anauliza maswali mpaka walimu wanatafuta pa kujificha? Sisi huku wazima. Mimi tumbo limeongezeka na nywele zimepungua, kwa hiyo uzito ni uleule.

Mumeo pia mzima. Yuko hapa mezani mbele yangu, amekunja mikono, ananitazama kama msimamizi wa mtihani. Sababu utaiona.

Mpango wetu unaujua: tung'oe nanga Alhamisi, siku tisa baharini bila kugusa nchi kavu, mpaka huko uliko. Miezi kumi na minne hamjaonana, na mimi ndiye niliyejitia kumleta mume kwa tanga. Tangi letu la maji ya kunywa ni lita mia moja. Kwa watu wawili yanatosha na kubaki kidogo, ilimradi pasiwe na wa kuyachezea.

Sasa, wiki iliyopita pampu ya maji ikaanza visa. Pampu hii hulala mpaka mtu afungue koki. Maji yakitoka inaamka na kunguruma, koki ikifungwa inanyamaza. Basi nimekaa zangu juu nashona tanga, koki zote zimefungwa, nasikia trrr, sekunde mbili, kimya. Baada ya robo saa, trrr tena. Nikatumbukiza kijiti cha kupimia tangini: tangu jana yake zimekwenda lita kumi na tano, na tulizotumia hazizidi sita.

Fundi wangu wa kwanza ni mimi mwenyewe, jambo ambalo wifi yako, aliyebaki nyumbani, husema ndilo tatizo la kwanza. Nikaifungua pampu, nikasafisha chujio, nikafuta vali zake, nikaifunga. Skrubu moja ilibaki mkononi, nikaitia mfukoni bila kusema. Trrr. Nikapita kila kiungo cha paipu na karatasi ya chooni, maana karatasi haifichi tone. Ikatoka kavu. Nikainua mbao za sakafu nikachungulia ngama, kule chini kabisa ambako maji yote yanayovuja mashuani huishia. Vumbi tupu.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nikasema moyoni: pampu nzima, maji hayavuji, basi kuna mkono. Na mashuani mikono ni minne, miwili ni yangu.

Dada, unamjua mumeo kwa usafi. Ni mtu wa kuoga kabla ya kwenda kuoga. Nikaanza kumchunguza. Akinyoa ndevu, nasogea nione kikombe chake. Akitoka chooni uso unang'aa, nauliza mbona unang'aa, anasema ni jua. Jumamosi nilipokwenda sokoni na kumwacha peke yake, nilifunga uzi mwembamba kwenye kila koki, akifungua ukatike. Nimerudi, uzi wote mzima, na maji yamepungua. Mwenye akili angemwachia hapo. Mimi nikasema, ahaa, kumbe anajua kuufunga upya.

Jumapili mchana, tunakula, nikamwambia kama kuoga aoge, ila aniambie, kwa sababu siku tisa hatutakunywa povu.

Akaweka kijiko chini. "Tangu Jumatano naoga maji ya bahari," akasema. "Hujanusa?"

Nikamuuliza maji basi yanakwenda wapi. Akaenda kukunja mashati yake, moja moja, akayapanga kwenye begi, akaniomba nimpeleke ufukweni. Nami, kwa kiburi changu, nikavuta kidau mpaka nyuma ya mashua ashukie.

Alishuka, akakaa. Nilikuwa bado nahangaika na kamba, tone likamdondokea shingoni. Akafuta. Likaja jingine. Akainua macho akaona kitundu kidogo nyuma ya mashua, juu kidogo ya maji. Akalikinga tone kwa kidole, akalamba.

"Maji matamu haya," akasema. Kisha, bila kucheka: "Shemeji, mashua yako inakojoa."

Dada, nilitamani kuzama. Mwaka juzi nilifunga tangi dogo la kupashia maji moto. Lina vali ya usalama, na maji yakizidi nguvu inaachia kidogo. Mafundi wote huiacha imwagie ngamani. Mimi, kwa kupenda ngama kavu, nikaitobolea njia ya kwenda nje, nikajisifu gatini mwezi mzima. Kumbe ukoko kama ule wa ndani ya birika umekwama kwenye vali, na maji yetu yalikuwa yanakwenda baharini tone kwa tone. Ukavu niliomhukumu nao mumeo niliutengeneza kwa mikono yangu.

Nikaizungusha vali mara tatu, ukoko ukatoka, ikafunga. Siku ya pili leo pampu kimya, na kijiti hakina malalamiko.

Lakini siku ile mumeo hakupanda upesi. Alikaa kidauni, begi mapajani. Nikamwomba radhi kutoka juu, halafu nikaona radhi haiombwi kutoka juu, nikashuka. Nusura tupinduke sote wawili.

"Kunishuku nimekusamehe," akasema. "Lakini uzi niliuona, shemeji. Nikashinda najiuliza kama labda nafungua koki na sijijui. Ulinifanya nijishuku mwenyewe."

Nikamwomba radhi upya, uso kwa uso.

Akasema atapanda na atasafiri, kwa sharti nikuandikie wewe kwa mkono wangu, mambo yote, barua ikutangulie. Anasema nikifika na mdomo tu, bila barua, nitakigeuza kisa hiki kiwe kichekesho juu yake. Sikubishana, maana nilikuwa nimeshaanza kukipanga.

Anasoma kila ukurasa ninaoumaliza. Nilipoandika kwamba anakoroma amenifutisha, anasema hayahusiani. Na ametaka niongeze kwamba angeoga maji ya chumvi mwaka mzima, mradi afike kwako. Nimeongeza kama alivyosema, bila mzaha.

Sasa amekubali barua, ameondoka mezani kupanga mashati yake kabatini.

Nisalimie Mkaguzi, na shangazi akija kukutembelea. Wifi yako nimempigia simu, anakusalimu sana, na anasema hakushangaa. Mola akutunze mpaka tutakapofika, na atutunze sisi na ufundi wangu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa mkosaji.