Mguu wa Hamisi na Mpira Wako, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua ungeitikia "marahaba, umekula?" kwa pumzi moja.

Huku Chanzuru tuko salama, ila mwanao Hamisi ameanguka kazini. Alikuwa anajenga nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu. Mti wa jukwaa wanalosimamia mafundi ulikatika, akaja chini na ndoo yake ya zege. Mguu umevunjika. Usishtuke, anaendelea vizuri.

Nilikuwepo, maana ndipo nilipokuwa nawapikia mafundi. Niliacha maharage yanaungua nikakimbia. Msimamizi kufika, hata pole hakutoa. Eti tukifika hospitali tuseme kaanguka na bodaboda, halafu yeye "atatufikiria". Na Hamisi, na maumivu yote yale, akaitikia kwa kichwa!

Hapo nikakuona wewe kabisa. Mguu wako ule, miaka yote ukiwaambia watu ni mpira, mechi ya Kilosa na Dumila, mpaka na jina la beki aliyekuumiza unalo. Wewe na mpira wapi na wapi? Mama alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Ulipougua mara ile ya mwisho ndipo ukaniambia kweli: ulianguka kwenye jengo, ukaficha, kwa kuogopa kwamba fundi anayechechemea haitwi tena. Nilicheka mbele yako. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Basi safari hii sikunyamaza. Nilimwambia daktari kila kitu. Tukaenda pia ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, bwana mmoja akatueleza taratibu: aliyeumia kazini ana haki ya matibabu na fidia, hata kama aliitwa kazini kwa mdomo tu. Si hisani ya bosi. Baba, kumbe hata wewe ulikuwa na haki ya kutibiwa! Roho iliniuma jamani.

Msimamizi kanifukuza pale, sasa napikia stendi. Hamisi naye alininunia, eti nimemharibia riziki. Nikamwacha anune, chakula nikampelekea.

Jana mwenzake wa kazini alikuja kumjulia hali, kidole kimefungwa kitambaa. Anasema kabanwa na mlango wa nyumbani kwake. Hamisi akamtazama weee, kisha akamwambia, "Wewe si unalala kwenye turubai pale saiti? Mlango umeupata wapi?"

Pumzika, baba yangu. Huyo wa kidole nampeleka hospitali mwenyewe kesho asubuhi, na akiulizwa aliumiaje, atajibu kweli.

Binti yako,
Zuhura