Radio ya Baba Neema

Alhamisi, Bunia. Manyunyu asubuhi, jua kuanzia saa nne. Matope ya mtaa wetu wa Lumumba yamekauka juu tu. Ukikanyaga, unazama.

Leo sina huzuni, wala furaha. Nimeamka, nimefagia, nimekaa kwenye cherehani. Jumamosi tunamaliza matanga ya mume wangu, mwaka umetimia, na kila anayepita ananiuliza najisikiaje. Ninajibu niko muzuri. Si uongo kabisa. Ukikalia mguu hadi ukafa ganzi, mtu akikuuliza kama unauma, utamjibu nini?

Mchana nilipika maharagwe. Nilijua sikutia chumvi pale nilipomwona binti yangu Neema anainuka kuichukua.

Nataka kuandika juu ya gari, kwa sababu leo kimetokea kitu.

Ni gari la zamani, la Kifaransa, rangi ya maziwa. Lilikuwa la baba mkwe. Mume wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Neema, alilifanya teksi ya kwenda kijiji cha Bule: akina mama wa soko, viazi, kabichi, kuku waliofungwa miguu. Mwaka jana alitoka asubuhi peke yake kwenda kuwachukua akina mama wale. Gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Yeye alirudi ndani ya gari lingine, amefunikwa.

Mlango wa kuume ulikuwa na matundu mawili. Shemeji yangu Janvier, mdogo wake aliyemwita yaya, kama tunavyoita kaka mkubwa, aliyaziba na kuyapaka rangi. Huyaoni tena. Ukipitisha kiganja, unayapata.

Tulilifunika gari kwa turubai, likakaa uani mwaka mzima. Sasa Janvier anataka lifanye kazi ya harusi. Vita viko, na watu wanaoana tu. Maharusi wa hapa wanapenda gari la zamani kwa ajili ya picha, lakini wanataka na muziki wa kusikika mpaka mwisho wa msafara, na ile radio yetu ilikuwa inakoroma kama mtu mwenye mafua. Kwa hiyo Janvier alimwambia fundi: sauti mpya, sura ileile. Tena iwe tayari kabla ya Jumamosi, ili tukitoka kanisani gari ndilo lipige nyimbo za kwanza. Muziki haujapigwa kwetu tangu msiba.

Fundi anaitwa Faustin. Alikimbia vita kwao Djugu na vyuma vyake vya kazi ndani ya ndoo, na ndoo hiyo ndiyo anaikalia akifanya kazi. Janvier alitaka milango itobolewe ipate spika kubwa. Faustin alikataa. Alisema gari la mzee ukilikata mara moja, umelikata milele. Akaficha spika mbili chini ya ule ubao wa nyuma ya viti, na mashine ya kuongeza sauti chini ya kiti cha dereva. Kifaa kipya, kile kinachoshika muziki wa simu, kiko ndani ya kisanduku cha mbele. Ukifunga kifuniko hukijui. Radio ya zamani imebaki mahali pake na vitufe vyake viwili na sindano yake. Kazi yake sasa ni kuonekana.

Mimi nilipewa kazi ya kitambaa. Ubao wa nyuma ulikuwa na kitambaa cha kijivu kilicholiwa na jua, na kipya kilipaswa kufanana nacho. Nilileta vipande vitatu. Faustin hakuangalia rangi kwanza. Alikiweka kila kimoja mdomoni, akapuliza, na kiganja chake kikawa upande wa pili. "Pumzi ikipita, Mama, sauti itapita," aliniambia. Vizuri viwili vilikataa. Cha tatu, kilichokuwa kibaya kuliko vyote, kilipitisha.

Nimekishona tangu jana. Mkono unafanya. Mimi nimekaa kando.

Sasa niandike lile nililolikwepa mwaka mzima.

Kwenye njia ya Bule kuna mahali penye mikaratusi mingi, kulia na kushoto. Madereva wote, wakifika pale, wanazima radio na kushusha vioo. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Abiria wananyamaza, hata mtoto anapewa titi anyamaze. Wanasikiliza. Ukisikia risasi mapema, unaweza kugeuza gari.

Baba Neema alipenda muziki. Alikuwa anaanza kuimba kabla hajawasha gari. Kila siku nilimkumbusha mikaratusi, na jioni ya mwisho nilimkumbusha kwa ukali, nikiwa nakata kikwembe cha mteja, kitenge chenye ndege wa manjano. Alikuwa anaokota vipande vilivyoanguka chini, maana alizoea kuvitumia kupangusia mikono. Akacheka.

"Weye Mama Neema, unaogopa radio kuliko bunduki."

Sikucheka. Nililala nimempa mgongo.

Kwenye matanga, siku ya tatu, mama mmoja tunayesali naye alikuja kukaa kwenye mkeka wangu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wanasema gari lilikuwa linaimba kwenye mikaratusi, ndiyo maana hakusikia risasi. Hakutaja nani kasema. Mimi, mke wake, ningeweza kunyamaza. Nilisema:

"Alipenda sana muziki."

Basi. Maneno matatu. Wale waliokuwa karibu walitikisa kichwa, na kuanzia hapo likawa jambo linalojulikana. Hata mtaani wakimwonya dereva, wanamtaja yeye. Neema amelisikia shuleni. Sikuwahi kulisahihisha, kwa kuwa niliamini hivyo. Nadhani nilikuwa namkasirikia.

Leo, saa nane, Janvier aliomba radio ya zamani iwake taa yake ndogo, ile ya njano inayomulika sindano, ili bwana na bibi harusi waone kitu kinachoishi. Faustin alizungusha kitufe. Haikuwaka. Akaivuta radio, akafuata waya wake kwa kidole mpaka kwenye kifuko kidogo, akakifungua. Kitupu.

"Mama, nani alitosha fizibu?"

Fizibu ni kile kioo kidogo kama punje ya mchele mrefu, chenye uzi ndani; umeme unapita mule. Nilisema sijui aliyeitoa. Janvier alisema hajagusa radio, alishughulika na mlango tu.

Faustin alifikiri kidogo. "Bila ile, hii radio haiwezi lia. Hata ufanye namna gani."

Akasema dereva akiitoa huwa anaiweka karibu. Sijui kwa nini nilikuwa mimi niliyeingiza mkono. Nilifungua kile kisahani cha majivu chini ya radio. Baba Neema hakuvuta sigara, alikuwa anawekea pipi za Neema. Palikuwa na pipi moja iliyoyeyuka, na kitu kilichofungwa ndani ya kipande cha nguo.

Kikwembe. Bawa moja la ndege wa manjano.

Nilikikata jioni ile, mimi mwenyewe. Kesho yake asubuhi alitoka na hakurudi. Kwa hiyo aliitoa asubuhi ile ile, kabla ya kuondoka. Hakusubiri mikaratusi. Alijijua, angesahau akaiacha radio ikiimba, basi akaizima toka nyumbani. Na hakuniambia. Labda alikuwa anangoja kunicheka jioni.

Janvier alikaa chini, palepale kwenye matope.

"Basi yaya alikuwa anasikiliza," alisema.

Ndiyo. Alikuwa anasikiliza. Na kusikiliza hakukumsaidia. Nimeliandika hili sentensi kwa sentensi nikidhani litaniuma, na bado halijaniuma. Neema nilipomwambia alilia, akaniuliza kama anaweza kuwaambia wenzake shuleni. Nikamwambia angoje, nianze mimi.

Faustin aliuliza kama airudishe fizibu ile, maana bado nzima, au atie mpya. Nilimwomba aache kifuko kitupu mpaka Jumamosi. Nimeifunga tena ndani ya bawa la ndege na kuiweka kwenye kopo la vifungo.

Jumamosi, kabla ya nyimbo, mjane anapewa nafasi ya kusema neno. Nilipanga kushukuru tu na kukaa. Sasa nimeamua nitairudisha fizibu mwenyewe, mbele ya watu, na yule mama wa mkeka nimemtuma Janvier akamwalike awe mstari wa mbele. Simchukii. Uhakika alioondoka nao nilimpa mimi.

Nikishaona taa ya njano imewaka, nitasema maneno yangu matatu ya mwaka jana, kisha niyamalizie.

Alipenda sana muziki. Siku ile aliuzima, kwa sababu nilimwomba.

Kesho ni Ijumaa. Kitambaa kimebaki pindo la upande mmoja.