Gari la Stima Kapewa Wakesho

Jumatatu, 3 Machi 2025

Gari jipya limefika. Pikapu ya stima, nyeupe, milango minne, viti bado vina nailoni. Limeletwa juu ya lori kutoka Mombasa — gari kubebwa na gari! Festus, afisa wetu wa usafiri, alitukusanya uani. Akasema serikali inataka kuacha dizeli pole pole, idara ya mifugo ndiyo ya kwanza, na magari ya zamani yatapigwa mnada. Land Cruiser yangu imo.

Nilikuwa nimenyoa ndevu. Nimevaa shati la kanisani. Nani mwingine angepewa? Hapa Voi hakuna dereva wa siku nyingi kunishinda. Barabara ya Taveta naijua tangu ikiwa vumbi tupu.

Festus akampa Wakesho.

Wakesho, binti wa dada yangu Mkamburi. Mimi ndiye nilimfundisha klachi, kwenye uwanja wa shule kule Mwatate, akitoa machozi kila gari likimzimikia. Sasa amepewa gari lisilo na klachi.

Nilipiga makofi kama wengine.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa kampuni amekuja kutufundisha kuchaji. Jambo alilolirudia sana: stima ikipotea halafu irudi, mashine haiendelei yenyewe. Taa inakuwa nyekundu mpaka mtu abonyeze kitufe. Tulijaribu mmoja mmoja. Hata mimi.

Jioni Wakesho alinipita uani na hilo gari, kimya, kama paka. Nilishtuka. Akacheka, akaniambia nipande anizungushe mjini. Nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Mwatate. Mkamburi alisimama kutoa shukrani. Mungu amemwinua binti yake, na kadhalika. Akina mama wakapiga vigelegele. Baada ya ibada, chai kwake. Picha ya Wakesho ameegemea gari ikazunguka simu kwa simu, mpaka kwa wazee wasioona vizuri.

Mkamburi akanishika bega mbele ya watu, akasema kama si mimi, huyu mtoto asingejua hata kuwasha gari. Alikuwa ananisifu. Nikaweka kikombe chini.

Tukirudi, mke wangu Loice aliniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia ni joto.

Si joto. Ni wivu. Kwa mtoto wa dada yangu! Mtu mzima mimi. Nikifumba macho naona ule usukani, nailoni bado haijatolewa.

Jumanne, 11 Machi

Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia Mboghoni, kule Taveta. Chanjo ya ng'ombe imefika na kesho mapema inapelekwa. Nilijua ni safari yangu. Festus akasema hapana, gari la stima lina soketi ya friji ya chanjo, na wakubwa wanataka wakulima walione.

Saa kumi Wakesho alichomeka waya. Nilimwona. Taa ya kijani ikawaka, akaihakikisha mara ya pili, akaniaga vizuri akaenda kulala mapema.

Jioni stima ikapotea, ofisini kwetu tu. Ikarudi nikiwa nafunga geti. Taa nyekundu. Uani nilikuwa peke yangu. Ni kunyoosha mkono tu.

Nikajiambia, si mimi niliyepewa gari. Akikuta halijajaa atachelewa kidogo, Festus atamgombeza kidogo. Kidogo tu.

Nikafunga geti.

Jumatano, 12 Machi

Siwezi kula.

Asubuhi gari lilikuwa halijafika hata nusu. Wakesho alimwomba Festus angoje lichajike. Festus akakataa — wakulima wamekusanya ng'ombe tangu alfajiri, iliyopo itamfikisha Taveta, achaji huko. Nilikuwa napima oili hatua chache kutoka kwao. Sikuinua kichwa.

Wakaondoka, yeye na Daktari Everlyne wa mifugo.

Mchana simu ikaja. Gari limezima. Wamepita Maktau, Salaita hawajafika, jua la kupasua mawe. Mlima wa Mwatate na ile friji vimekula chaji yote. Festus akanituma mimi.

Niliwakuta kando ya barabara. Sanduku la chanjo liko upande wa kivuli, limefunikwa kwa leso ya Wakesho, na leso imeloweshwa kwa maji yao ya kunywa. Midomo imemkauka. Daktari alitazama kipimajoto akatikisa kichwa. Chanjo yote imeharibika.

Gari lile halivutwi kwa kamba, linangoja lori. Nikawapeleka Mboghoni kwa Land Cruiser wakawaambie watu. Wakesho alisema ataongea yeye. Alisimama mbele ya wale wakulima na mifugo yao akaomba radhi, hakujificha nyuma ya daktari. Wengine waligomba. Mama mmoja, Kalondu, hakugomba. Ng'ombe wa jirani yake tayari alikuwa anadondosha mate. Akamfungua wake, ana ndama wa juzi, akasema tu, "Basi twende, mama," na ni ng'ombe aliyekuwa akimwambia.

Njia nzima ya kurudi Wakesho alitazama dirishani. Nilikuwa nimeitaka hii siku. Niliitafuta ile raha. Haikuwepo.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa ndani ya Land Cruiser, mkabala na ofisi. Ndani kuna kikao kuhusu ile chanjo, tunaitwa mmoja mmoja.

Asubuhi Festus aliniita pembeni. Amewaambia wakubwa kwamba dereva alisahau kuchomeka waya. Kwamba Wakesho aliomba kungoja, na kwamba ni yeye Festus aliyemkatalia, hajayataja. Wakesho atasimamishwa kazi. Kisha akanipa ufunguo. "Gari ni lako kuanzia Jumatatu, mzee. Tulikosea mwanzo."

Nilifurahi. Acha niandike ukweli. Kwa muda wa kuvuka uani nilifurahi.

Halafu Wakesho akaja. Hajalala, anaonekana. Akasema: "Mjomba, wewe uliniona nikichomeka. Waambie hilo tu. Mimi hawataniamini, wewe watakuamini."

Nikamwambia nitasema nilichokiona.

Akanishukuru. Akampigia mamake papo hapo kumtuliza, Mjomba atasema. Mkamburi akaomba simu nipewe. Alilia kidogo, akasema Mungu anibariki.

Nilichokiona! Nikisema alichomeka, wataniuliza mbona basi gari halikujaa. Nikisema stima ilipotea, wataniuliza nilijuaje, na nilikuwa wapi. Wote tulifundishwa kile kitufe. Nikinyamaza, gari ni langu, na Festus naye atanilinda kwa sababu nitakuwa nimemlinda. Na Wakesho atarudi Mwatate kukaa na mamake, na kila Jumapili nitaketi mbele yao.

Hata sasa, Mungu wangu, nimetazama upande lori lilipolishusha lile gari. Limeoshwa.

Daktari Everlyne ametoka. Hakunitazama. Ni zamu yangu.

Wakesho anakuja kuniita. Ameinama dirishani, nimefunika ukurasa kwa mkono. Hakuuliza naandika nini. Ameona kola ya shati langu imejikunja, akainyoosha kwa vidole viwili, taratibu, kama Mkamburi anavyonifanyia kabla ya harusi.

Anasema wananingoja.

Nimemwambia atangulie, nakuja. Hatangulii. Amesimama hapo, ananifungulia mlango.