Kaburi la Baba Liko Wapi, Rajabu?

Marekani, jangwani

Mdogo wangu Rajabu,

Hujambo? Wanao hawajambo? Mama anaendeleaje na miguu yake? Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa ukavu wa huku. Nimetanguliza salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Hasira niliyo nayo ilitaka kuanza yenyewe.

Barua yako imenikuta kambini. Tuko watu tisa, watumishi wa hifadhi kutoka nchi mbalimbali, na tunazungushwa jangwani kukagua hifadhi za huku na sehemu zao za kumbukumbu na kuzipa alama kati ya kumi. Ndiyo masomo yenyewe. Mwamba wenye tundu katikati niliupa nane. Bonde la mchanga mweupe nililipa tano, maana huko hupati kivuli cha kutandika hata mkeka. Nyumba za watu wa kale zilizojengwa ndani ya jabali nilizipa kumi, mwalimu akasema mimi ni mwepesi wa kusifu. Huyo hajawahi kukandika nyumba ya miti na udongo.

Halafu wakatupeleka kwenye kaburi. Ni la mtu aliyekuwa akitafuta dhahabu akafa kwa kiu, na jina lake halijulikani. Wamelizungushia mawe, wameweka kibao, na lina askari wake. Nilipoona limeota vichaka nilipiga goti nikaanza kung'oa, kwani ilikuwa Shaabani na mikono yangu haikungoja ruhusa. Askari, mzee mwembamba, alikuja mbio.

"Acha! Hicho kichaka ni mali ya hifadhi!"

Kumbe ni mmea adimu, na watu hutoka mbali kuja kuutazama. Nikamwambia kwetu Handeni kaburi haliachwi na magugu Ramadhani ikikaribia. Akapoa kidogo, akaniuliza, "Na la baba yako husafishwa na nani?"

"Nina mdogo wangu," nikamjibu kwa maringo. "Kwake halilali na jani."

Nilipunguziwa alama kwa kile kichaka, sikujali. Wiki ile ile barua yako ikafika.

Umejaza ukurasa mzima habari za kijiji kipya: nyumba zimepangwa mstari, bomba liko karibu, wanao wanakwenda shule bila kuvuka mto. Nimefurahi, na kuhamia kijijini sikupingi. Lakini chini kabisa, baada ya salamu za watu wote, umechomeka kwamba trekta limepita juu ya kaburi la baba, "ila shamba limetoka zuri."

Una wazimu, Rajabu? Umeniandikia mwenyewe kwamba siku hizi wewe ni karani wa shamba la kijiji, na kwamba ulitembea mbele ya trekta ukionyesha mipaka kwa fimbo. Ukafika kwenye minyaa aliyoipanda mama kuzunguka kaburi, ukanyamaza. Eti uliogopa kuitwa mpinga maendeleo mkutanoni. Nani angekuita hivyo? Wale ni Waislamu wenzako, na wao wana wazazi ardhini. Hukuwauliza! Mdomo ulioomba ukarani umeshindwa kuomba hatua nne za ardhi. Nakuonea haya, na najionea haya mimi niliyejisifu kwa mgeni.

Usiniambie kwamba jembe la trekta halifiki alipolala. Najua halifiki. Mimi sikumzika baba. Alipofariki nilikuwa nimeshafika huku, na simu ya maandishi ilinipata arobaini imekaribia. Kaburi lenyewe sijaliona hata siku moja. Wewe ndiye uliyeshuka kaburini ukampokea. Mama macho yamefifia, na waliozika nawe wametawanyika vijiji vingine. Anayeweza kunionyesha ni wewe peke yako, nawe umeacha alama zote zing'olewe.

Sasa nisikilize. Ukipata barua hii usingoje kesho. Nenda kule Mazingara, mlikohama, kabla mahindi hayajarefuka. Anzia kwenye msingi wa nyumba yetu ya zamani, kama nao hukuuonyeshea fimbo. Tembea ulivyotembea siku ile mlipobeba jeneza. Tafuta mahali udongo ulipotitia, weka mawe, chomeka vijiti vya mnyaa, hushika hata pakavu. Kisha nenda kwa mwenyekiti ukamweleze, kwa mdomo wako, mchana kweupe.

Mama mpe shikamoo yangu, lakini hasira hizi usimsomee. Shangazi wa Mnyuzi, dada wa baba, naye mpe shikamoo, ila usimwambie lolote mpaka umelipata, maana atakuja kwa miguu na bakora mkononi. Shemeji yangu, mkeo, mwambie asikupikie kitu kizuri mpaka urudi kutoka huko. Wanao wabusu, hawana kosa.

Nitarudi kiangazi kijacho. Nitashuka Korogwe, nawe utanipokea stesheni. Kwako hatutapitia hata kunywa chai. Utanipeleka shambani, utasimama, utasema, "Kaka, ni hapa." Nami nitakutazama usoni nijue kama unajua au unakisia.

Ni mimi kaka yako,
Athumani