Neno Nililomsomea Baba

Katoro,
Jumapili.

Kaka Magesa,

Shikamoo. Natumaini kile kifua kimekuachia, na wifi Martina na watoto hawajambo huko Mwadui. Sisi tunaendelea, ila mimi situlii. Barua hii nimeichana mara mbili.

Katapila la Eliya, yule mchimba madini, limeshaingia shambani kwa baba. Tangu Jumatatu linachimba. Mihogo ya mama imefunikwa na kifusi, na ukuta wa jiko umepasuka. Baba anashinda amesimama mpakani, hali chochote, akimwambia kila apitaye kwamba shamba ni lake na karatasi waliyowekeana na Eliya inasema hivyo.

Kwenye baraza la kata Eliya aliitoa hiyo karatasi ya Kiingereza. Mwenyekiti akampa mwalimu aisome, naye akaeleza kwamba baba amekubali mgodi wote utakaochimbwa shambani uwe wa Eliya. Baba akasema mwalimu amekosea. Akaulizwa nani alimsomea kabla hajaweka dole gumba. Alinitazama kitambo, kisha akajibu, "Hakuna. Niliweka tu." Watu wakamcheka, kaka. Wakamcheka baba yetu.

Sasa jana ulipiga simu kusema unakuja kuapa kuwa Eliya ndiye aliyemsomea baba uongo. Tafadhali usiape.

Aliyemsomea ni mimi. Siku alipoileta karatasi, Eliya alikuwa nje anaongea na simu. Baba aliweka kidole kwenye neno "mine", lililojirudia ukurasa mzima, akauliza maana yake. Nikajibu nilivyofundishwa darasani: yangu. Akauliza, "Kwa hiyo inasema shamba ni langu?" Nikasema ndiyo. Kumbe kwa Kiingereza neno hilo hilo ni "mgodi" pia. Liko kwenye mabango njia nzima ya Geita, nami nimelipita miaka yote bila kujiuliza. Yaliyobaki sikuelewa hata mstari, nikaona aibu kusema, maana mnaamini nilimaliza kidato cha nne. Niliishia cha pili. Nilikuwa naondoka na sare asubuhi, nashinda kwa fundi Philomena sokoni nikishona.

Baba hajaniuliza lolote, na hilo ndilo linalonimaliza.

Baraza linakaa tena Alhamisi. Nitasimama niseme mbele ya wale wale waliomcheka. Huenda shamba lisirudi. Njoo, kaka, lakini ukae na baba, usikae na mimi.

Mama anakusalimu sana, nawe umpe wifi salamu zangu.

Mdogo wako,
Mbuke