Idi Yetu Iwe Ijumaa

Buguruni,
Jumapili, chungu cha kumi na mbili cha Ramadhani

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nimeketi uani, na kabla sijachovya kalamu nimeapa kwamba barua hii itasema yote, hata yale yanayonitia aibu. Ninaiandika kwa herufi za Kiarabu, zile ulizonifundisha wewe kwa kijiti mchangani kabla sijapelekwa chuoni kusoma Kurani, ingawa mwalimu wetu wa shule angependa niandike kwa herufi za Kizungu. Nataka uisome mwenyewe. Sitaki aitwe mtu wa kukusomea, akajua mambo yangu kabla yako.

Habari yenyewe ni hii. Nimechaguliwa kwenda shule ya bweni, huko bara, siku mbili kwa gari moshi. Tumechaguliwa wasichana wawili tu katika shule yetu. Gari linaondoka Jumamosi asubuhi, na Idi itakuwa Alhamisi au Ijumaa, kama mwezi utakavyoandama. Nikishaondoka sirudi mpaka mwaka uishe. Kwa hiyo nina siku moja ya kukuona, na tangu nilipopewa habari hiyo usingizi wangu si mzuri, kwa sababu naogopa tutapoteana tena kama mwaka jana.

Unakumbuka Idi ile nilipokuwa na miaka sita? Tulitoka Buguruni kwa miguu, viatu vyangu vipya umevishika mkononi, nami napiga vumbi peku. Tulipokaribia Ilala uliniketisha kwenye kibaraza cha watu, ukanifuta miguu kwa kipande cha kanga kuukuu ulichokibeba kwa kazi hiyo tu, ndipo ukanivisha viatu. Mwenye nyumba akatoka akasema, "Bibi, umefanya kwangu chumba cha kuvalia?" Wewe ukamjibu, "Mwanangu haingii mjini kama aliyetoka kulima. Idi njema, baba." Akacheka, akatupa maji ya kunywa.

Pale Mnazi Mmoja sikuwa nimepata kuona watu wengi kama wale. Matarumbeta huku, ngoma kule, pembea zinapanda na kushuka, watoto wana rangi ya shurbati midomoni. Niliachia kanga yako kidogo tu nimtazame mtu aliyevaa kofia ya manyoya, na nilipogeuka nikakuta kanga hamsini na ya kwako haimo. Nilikwenda mbio huku na huku. Uliponipata hukunipiga. Ulinishika mabega, ukaniambia, "Ukinipotea, usitembee. Simama palepale. Wakitembea wote wawili hawaonani hata mjini kwenyewe." Maneno hayo niliyashika mno, Mama, na utaona yalivyonifanya.

Ulipoachana na Baba nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wazee walipokaa. Baba alisema mtoto abaki hapa, karibu na shule, na Bibi atamlea. Nilidhani utalia. Ulisema tu, "Na abaki. Lakini Idi ni yangu. Nilimzaa siku ya Idi, na jina lake linasema hivyo." Baba hakubisha. Ukarudi kwenu Kimbiji, ukaolewa, na kwa kuwa si vizuri uje kwenye nyumba uliyoachika, tukawa tunakutana Mnazi Mmoja, Idi mosi, watu wakishatoka kusali, kwenye pembea yenye vigingi vya kijani. Miaka mitatu hatukukosana hata mara moja. Ulikuwa unafika na vitumbua, unanitazama toka kichwani hadi miguuni, halafu unauliza, "Wanakulisha?"

Sasa nikueleze mwaka jana, kama nilivyoujua mimi.

Jumamosi ile hapa mjini mwezi haukuonekana. Wakubwa wakatangaza tukamilishe thelathini, tukafunga Jumapili, na Jumatatu tukala Idi. Nilifika kwenye pembea kabla mwenye pembea hajafunga kamba zake. Nilivaa gauni jeupe lenye mkanda, Baba alilishona usiku wa mwisho baada ya kumaliza nguo za watu. Nikasimama. Sikwenda kutazama ngoma, sikwenda kunywa maji. Niliogopa nikisogea ndipo utakapofika. Adhuhuri Baba alinifuata, akasema, "Mwanaidi, pengine kivuko cha Kigamboni kimejaa." Alasiri akaja tena, akaninunulia kashata, nikaishika mkononi mpaka ikaanza kunata. Jua lilipozama mwenye pembea akaniuliza, "Binti, unamngoja nani ambaye hana miguu?"

Nilirudi nyumbani nikamwambia Bibi kwamba wewe umeshapata watoto wengine. Bibi, ambaye unajua hakupendi sana, akasema, "Usimseme mama yako mbele yangu. Hiyo ni kazi yangu." Hata hivyo sikucheka.

Baada ya miezi mitatu ukanitumia kitambaa kwa mkono wa Bi Somoe, yule anayeleta ngonda na pweza wakavu sokoni kwetu kila Jumatatu. Kilikuwa cha samawati, kina maua madogo meupe. Alisema, "Mama yako anasema baba yako akushonee, yeye anajua kipimo chako." Mama, nilikipenda. Nilikifungua, nikakipima mwilini mwangu pale pale sokoni. Kisha nikakikunja, nikamrudishia, nikasema, "Mwambie nguo ninazo." Bi Somoe alinitazama, akakitia kapuni chini ya samaki wake, akaondoka. Hilo ndilo jambo linalonitia aibu. Nakuomba usilipite haraka unaposoma. Nililisema kwa sauti, watu wakisikia, na nilitaka likuume.

Siku ya chungu cha sita, Jumatatu iliyopita, Bibi alinituma kununua pweza wa futari. Bi Somoe aliponiona akawaambia wenzake, "Mwoneni Mwanaidi, mtoto wa Idi asiyemtaka aliyemzaa Idi."

Nilimwamkia. Halafu nikasema, "Bi Somoe, mimi ndiye niliyeachwa. Nilisimama tangu asubuhi mpaka magharibi."

"Siku gani hiyo?"

"Jumatatu. Idi mosi."

Akaweka kisu chini. "Jumatatu? Sie tulisali Idi Jumapili. Mwezi tuliuona Jumamosi, mwembamba kama ukucha, Kimbiji nzima tuliuona. Mama yako nilikuja naye mie mwenyewe hiyo Jumapili."

"Mbona hamkuuliza kwanza kama mjini nako ni Idi?"

"Tumuulize nani? Mwezi tumeuona kwa macho yetu, tukamuulize mtu wa Buguruni?"

Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akanieleza. Kwamba mlivuka alfajiri, nawe umejipaka hina, una kapu la vitumbua na tambuu mdomoni. Kwamba mlipofika Kariakoo mkaona maduka yamefunguliwa kama siku ya kazi, na mzee mmoja akakukemea njiani, "Bibi, huna haya? Unatafuna mchana wa Ramadhani?" Ukatema, ukajifunika uso kwa kanga. Mnazi Mmoja mkakuta mafundi wanachimbia vigingi. Ukakaa hapo na kapu lako lililofunikwa, katikati ya watu waliofunga, wewe peke yako uko kwenye Idi. Mumeo alikuwa amekupa ruhusa ya siku moja na hukuwa na pa kulala, wala hapa nyumbani usingeweza kubisha hodi. Alasiri mkarudi. Bi Somoe alikuambia umtume mtu aje kunipa habari, nawe ukasema, "Hapana haja. Mwanangu ana akili, atajua."

Sikujua, Mama. Natangulia darasani kwa hesabu, na sikujua. Siku nzima nilisimama, jioni nikahesabu sababu zote za mtu kutokuja, na katika zote hizo sikufikiria kwamba ulikuwa umekwisha kuja. Nilimwacha Bi Somoe na samaki wake, nikarudi bila pweza. Bibi akauliza kiko wapi kitoweo. Nilipomweleza akasema, "Basi alikaa na vitumbua na watu wamefunga. Maskini." Hilo ndilo neno jema la kwanza nililomsikia kukusemea, nikaona nikuandikie.

Tangu siku hiyo kazi yangu ni kupanga. Nimeuliza, nimeambiwa mwaka huu kwenu na kwetu tulianza kufunga siku moja, Jumatano. Lakini hilo halinitulizi, maana mwaka jana pia tulianza pamoja. Jumatano ya chungu cha tisa na ishirini watu watatazama juu, na mawingu ya Kimbiji si mawingu ya Buguruni. Mkiuona nyinyi peke yenu, utakuja Alhamisi. Sisi tusipouona, Alhamisi mimi nitakuwa nimefunga. Tukiuona sisi, nanyi msiuone, mimi nitasimama Alhamisi na wewe utakuja Ijumaa. Nimechora mistari kwenye daftari langu la hesabu, kila njia na mwisho wake, na njia mbili kati ya nne zinaishia mimi nimo ndani ya gari moshi bila kukuona.

Nilimwomba Baba anipe siku zote mbili. Alikuwa kwenye cherehani, amezungukwa na kanzu za watu mpaka magotini, maana unajua Ramadhani inavyomfanya. Akasema bila kuinua kichwa, "Siku moja, Mwanaidi. Nguo zako za shule sijazimaliza, sanduku halijafungwa, na bibi yako anataka kukuaga kwa ndugu zake. Chagua moja."

"Nitachaguaje na mwezi haujaandama?"

"Hilo muulize mwezi."

Lakini baadaye alinyanyuka, akaja kusimama mlangoni na sindano bado imebanwa kwenye ukosi. Akasema, "Mama yako aliniomba Idi tu, na mimi nilimpa. Isije ikasemwa nilimpa Idi isiyojulikana siku."

Ndipo nikapata wazo, na nimelirudiarudia ili nione lina kosa wapi. Shuleni tuna kalenda ukutani. Niliitazama nikaona kwamba hata tukitofautiana Idi mosi ni lini, Ijumaa ni Ijumaa Kimbiji na ni Ijumaa Buguruni. Pembea na ngoma hukaa pale siku tatu au nne. Ijumaa itakuwa Idi mosi au Idi pili, kwako na kwangu, lakini haiwezi kuwa Ramadhani kwa mtu yeyote. Ukija na vitumbua, tutavila wote. Kwa hiyo nimemwambia Baba nachagua Ijumaa. Alilalamika kidogo, kwamba ni siku ya mwisho kabla ya safari. Bibi akamwambia, "Mwache. Ndugu zangu nitawaaga mimi kwa niaba yake. Mie siendi popote."

Nitakuwa kwenye ile pembea tangu watu watoke kwenye sala ya Ijumaa mpaka jua kuchwa. Nitavaa nguo za shule, si gauni jeupe, maana limenibana. Nimerefuka kuliko unavyonikumbuka, usije ukamtafuta mtoto ukanipita. Nikikuona nitakuomba radhi kwa mdomo, lakini naiomba hapa pia, ikiwa Mungu hatatukutanisha: unisamehe kile kitambaa, na unisamehe kwamba mwaka mzima nilikufikiria vibaya wakati wewe ulinifikiria vizuri.

Jambo moja limebaki nalo si mikononi mwangu. Bi Somoe anasema mumeo hukupa ruhusa siku ya Idi mosi, na Idi pili huwa na wageni wake, nawe ndiye mpishi. Ikiwa kwenu Idi itakuwa Alhamisi, Ijumaa yangu itaangukia siku ya wageni wake. Simlaumu. Hanijui. Ukiona inafaa msomee sehemu hii ya barua, na umwambie mtoto wa mkewe anamwamkia, na kwamba hataomba tena ruhusa hii kwa mwaka mzima.

Nisalimie wadogo zangu ambao sijawaona. Bibi hajakutumia salamu, lakini ameniuliza mara mbili kama nimekwisha kuandika.

Bi Somoe ataondoka nayo kesho jioni akimaliza kuuza, na atarudi sokoni chungu cha ishirini. Nitakuwa nimesimama kwenye meza yake kabla hajashusha kapu. Kama huna karatasi, mpe neno la mdomo tu, alilete kama lilivyo, hata likiwa silo ninalolitaka: utakuja Ijumaa?

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi